Cicely Saunders

Cicely Mary Strode Saunders (Barnet, Uingereza, 22 Juni 1918 – London, 14 Julai 2005) alikuwa muuguzi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na daktari kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa hospisi ya St Christopher's, iliyofunguliwa mjini London mwaka 1967. Anahesabiwa pia kuwa mwasisi wa huduma shufaa ya kisasa, yaani huduma kwa watu wenye magonjwa yasiyoponyeka, inayolenga kuwaondolea maumivu na kuwategemeza wao na familia zao.

Saunders alirudi chuoni mara mbili akiwa mtu mzima. Mara ya kwanza alikuwa muuguzi aliyeumia mgongo, akasomea kazi ya ustawi wa jamii. Mara ya pili alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye umri wa miaka 33, akaanza masomo ya udaktari. Taaluma hizo tatu ndizo zilizozaa namna yake ya kuwahudumia watu wanaokaribia kufa.

Utoto na shule

Saunders alizaliwa Barnet, kaskazini mwa London, akiwa mtoto wa kwanza na binti pekee katika familia yenye watoto watatu. Baba yake, Gordon Saunders, alikuwa na biashara ya kuuza na kupangisha nyumba, na familia iliishi kwa nafasi. Hata hivyo ndoa ya wazazi wake haikuwa na furaha, na hatimaye walitengana.

Alisoma katika shule ya bweni ya wasichana ya Roedean, karibu na Brighton. Alikuwa mrefu kuliko wenzake na mwenye haya, akajiona mpweke. Tangu ujana alisumbuliwa na mgongo, tatizo ambalo baadaye lilibadili mwelekeo wa maisha yake.

Mwaka 1938 alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alichagua siasa, falsafa na uchumi, masomo ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na tiba.

Uuguzi wakati wa vita

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, Saunders aliona vigumu kuendelea na vitabu wakati nchi yake ikihitaji watu wa kuhudumia majeruhi. Mwaka 1940 aliacha Oxford bila kumaliza, akajiunga na shule ya uuguzi ya Nightingale katika hospitali ya St Thomas', London. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1860 kwa jina la Florence Nightingale.

Hospitali ya St Thomas' iko ukingoni mwa mto Thames, mkabala na bunge, na mwaka 1940 ilipigwa kwa mabomu ya Wajerumani mara kadhaa. Sehemu ya mafunzo ilihamishiwa nje ya jiji. Wakati huo antibiotiki zilikuwa bado hazijapatikana kwa kawaida, hivyo wagonjwa wengi walitegemea zaidi uangalizi wa muuguzi: kuoshwa, kulishwa, kugeuzwa kitandani na kufungwa vidonda.

Saunders aliipenda kazi hiyo na kujiona amefika mahali pake. Lakini kuinua wagonjwa na kusimama kwa saa nyingi kulimzidishia maumivu ya mgongo. Alipohitimu mwaka 1944 madaktari walimshauri aache uuguzi wa wodini. Akiwa na miaka 26 alikuwa amepata taaluma aliyoitaka, na papo hapo akaipoteza.

Kurudi Oxford

Mwaka huohuo alirudi Oxford. Alimaliza shahada yake kwa utaratibu mfupi uliowekwa kwa wanafunzi ambao vita vilikatiza masomo yao, akaongeza stashahada ya utawala wa umma na huduma za jamii. Kisha akapata mafunzo ya kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini. Kazi hiyo ilimruhusu kubaki karibu na wagonjwa bila kuwainua.

Kabla ya Uingereza kuanzisha Huduma ya Taifa ya Afya mwezi Julai 1948, wafanyakazi wa aina hiyo walikuwa na jukumu gumu. Walimhoji mgonjwa kuhusu kipato chake ili kujua anaweza kulipa kiasi gani. Pia walishughulikia maisha yake nje ya hospitali: nani atatunza watoto, kodi ya nyumba italipwaje, na mgonjwa ataenda wapi akitolewa wodini.

Mwaka 1947 Saunders alianza kazi hiyo St Thomas'. Kwa wagonjwa wa saratani aliona jambo ambalo kwenye uuguzi hakuwa ameliona kwa ukamilifu. Mtu akishaambiwa kwamba hakuna tena operesheni ya kumfanyia, mara nyingi madaktari walipunguza kumtembelea. Maumivu yalibaki, na pamoja nayo hofu, madeni, ugomvi wa nyumbani na upweke.

David Tasma

Mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza alikuwa David Tasma, Myahudi mkimbizi kutoka Poland aliyekuwa mhudumu wa mgahawa mjini London. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na saratani yake haikuweza kuondolewa. Hakuwa na familia karibu, na alihisi kwamba anakufa bila kuacha alama yoyote duniani.

Mwanzoni mwa mwaka 1948 Tasma alilazwa katika hospitali nyingine ya London. Saunders aliendelea kumtembelea, hata baada ya saa za kazi, na wawili hao wakapendana. Walizungumza juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angetunzwa vizuri zaidi kuliko katika wodi ya upasuaji yenye pilikapilika.

Tasma alifariki tarehe 25 Februari 1948. Alimwachia Saunders pauni 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba ambayo angeijenga. Ilipita miaka 19 kabla ya nyumba hiyo kufunguliwa.

Kujitolea St Luke's

Baada ya kifo hicho Saunders alianza kujitolea jioni katika St Luke's, nyumba ya kuwatunza watu wanaokaribia kufa huko Bayswater, London. Mchana aliendelea na kazi yake ya kulipwa, na jioni alirudia uuguzi kwa kadiri mgongo ulivyomruhusu. Aliendelea hivyo kwa miaka saba.

Huko alikuta utaratibu tofauti na ule wa hospitali nyingi. Kwa kawaida hospitalini mgonjwa alipewa dawa kali ya maumivu pale tu alipoiomba. Maana yake ni kwamba kila dozi ilitanguliwa na mateso. Madaktari waliogopa kwamba mofini ingemfanya mgonjwa awe mraibu au ingepoteza nguvu mapema. St Luke's ilitoa mofini ya kunywa kwa saa maalumu, kila baada ya saa nne, kabla ya maumivu kurudi. Wagonjwa wake waliweza kuzungumza, kula na kupokea wageni.

Saunders alielewa umuhimu wa jambo hilo, lakini hakuwa na mamlaka ya kulisambaza. Muuguzi hakuandika dawa, wala mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Alifikiria kurudi kwenye uuguzi wa usiku ili awe karibu na wagonjwa hao. Daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi, Norman Barrett, alimkatalia wazo hilo. Alimweleza kwamba wanaowaacha wagonjwa wa aina hiyo ni madaktari, na kwamba watu hawatamsikiliza asipokuwa daktari mwenyewe. Akamshauri asomee udaktari.

Mwanafunzi wa udaktari akiwa na miaka 33

Mwaka 1951 Saunders alikubaliwa katika shule ya udaktari ya St Thomas', hospitali ileile alikokuwa mwanafunzi wa uuguzi na baadaye mfanyakazi. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Aliacha kazi yenye mshahara na nafasi aliyokwisha kuizoea, akaketi darasani na vijana waliomzidi kwa maandalizi ya sayansi. Shahada yake ya Oxford haikumsaidia katika kemia wala fizikia, ikabidi aanze masomo hayo kutoka msingi.

Kwa upande mwingine alikuwa na ujuzi ambao darasani haukufundishwa. Alikwisha kukesha na wagonjwa, na alijua kinachotokea katika nyumba ya mgonjwa baada ya daktari kuondoka. Wanafunzi wengi husoma kwanza na kutafuta baadaye mahali pa kuitumia elimu yao. Yeye aliingia chuoni akiwa tayari na swali: kwa nini watu wanaokufa kwa saratani wanaachwa na maumivu ambayo dawa zake zipo?

Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuacha kujitolea St Luke's. Alihitimu mwaka 1957, akikaribia kutimiza miaka 39.

Utafiti St Joseph's

Mwaka 1958 Saunders alipata ufadhili wa utafiti chini ya profesa wa elimu ya dawa katika hospitali ya St Mary's, Paddington. Kazi yenyewe aliifanya katika hospisi ya St Joseph's huko Hackney, mashariki mwa London, iliyoendeshwa na masista Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Masista walikuwa na upendo na uvumilivu mwingi, lakini ujuzi wa dawa ulikuwa mdogo.

Saunders alileta mambo mawili. La kwanza ni mofini kwa saa maalumu, kwa kipimo kilichorekebishwa kulingana na kila mgonjwa. La pili ni kumbukumbu za maandishi: kila mgonjwa alipimwa maumivu yake na kuandikiwa alichopewa na matokeo yake. Pia alirekodi mazungumzo na wagonjwa kwenye kanda. Kufikia mwaka 1965 alikuwa amekusanya habari za wagonjwa zaidi ya 1,000.

Kumbukumbu hizo zilimpa hoja ambazo muuguzi Saunders asingeweza kuzitoa. Zilionyesha kwamba mofini iliyotolewa kwa utaratibu haikuwafanya wagonjwa hao waraibu, na kwamba haikuwa lazima kipimo kiongezeke bila mwisho. Baadaye Robert Twycross, daktari aliyefanya utafiti St Christopher's, alithibitisha mambo mengi ya hayo kwa majaribio yaliyopangwa kisayansi.

Saunders aliandika kwa ajili ya taaluma zake zote. Makala yake ya kwanza kuhusu kufa kwa saratani ilitoka mwaka 1958 katika gazeti la hospitali ya St Thomas'. Mwaka 1959 alichapisha mfululizo wa makala kwa wauguzi katika jarida la Nursing Times, na barua nyingi za wasomaji zilizofuata zilionyesha kwamba tatizo hilo lilikuwa la nchi nzima.

Maumivu ya jumla

Katika miaka ya 1960 Saunders alitoa fundisho lake linalojulikana zaidi, lile la maumivu ya jumla. Kwa mujibu wake, maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana pande nne zinazoathiriana:
- upande wa mwili, kama vile uvimbe unaobana mishipa ya fahamu, kutapika au kukosa pumzi;
- upande wa nafsi, kama vile hofu, hasira na huzuni;
- upande wa jamii, kama vile wasiwasi juu ya fedha, kazi na watoto watakaobaki;
- upande wa roho, yaani maswali kuhusu maana ya maisha, hatia na Mungu.

Kutokana na fundisho hilo, dawa peke yake haitoshi, lakini pia maneno mazuri bila dawa hayatoshi. Mama anayelia usiku anaweza kuhitaji mofini zaidi, au anaweza kuhitaji kujua nani atamlea mwanawe. Anayemhudumia lazima aulize kabla ya kuamua. Ni rahisi kuona katika pande hizo kazi tatu alizozisomea: daktari, muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Upande wa roho ulitokana pia na imani yake ya Kikristo, aliyoipokea kwa nguvu mwaka 1945.

Hospisi ya St Christopher's

Tangu mwaka 1959 Saunders alianza kuandika mpango wa hospisi mpya na kutafuta fedha kwa watu binafsi na mifuko ya hisani. Shirika lilisajiliwa mwaka 1961, na uwanja ukapatikana Sydenham, kusini mwa London. Miaka hiyo ilikuwa pia ya majonzi: mwaka 1960 alifariki mgonjwa mwingine aliyempenda, Antoni Michniewicz kutoka Poland, na mwaka 1961 baba yake.

St Christopher's ilifunguliwa mwezi Julai 1967 ikiwa na vitanda 54. Jina lake ni la mtakatifu anayehesabiwa msimamizi wa wasafiri. Mlangoni liliwekwa dirisha la kioo kwa kumbukumbu ya David Tasma, ambaye pauni zake 500 zilikuwa mchango wa kwanza.

Nyumba za kuwatunza wanaokufa zilikuwepo tayari. Upya wa St Christopher's ulikuwa kuunganisha mambo matatu mahali pamoja: huduma, mafundisho na utafiti. Madaktari, wauguzi, wafanyakazi wa ustawi wa jamii, wachungaji na watu wa kujitolea walifanya kazi kama timu moja. Familia zilikaribishwa, na watoto waliruhusiwa kuwaona wazazi wao. Mwaka 1969 timu ilianza kuwafuata wagonjwa nyumbani kwao, na familia zilisaidiwa hata baada ya msiba. Kuhusu imani, hospisi ilikuwa na msingi wa Kikristo lakini ilipokea watu wa dini zote na wasio na dini.

Saunders alikuwa daktari mkuu wa hospisi hadi mwaka 1985, akaendelea kushiriki uongozi wake kwa miaka mingi. Alipinga sheria ya kuruhusu wagonjwa kuuawa kwa huruma. Aliona kwamba wengi wanaoomba kufa wanaomba kwa kweli kuondolewa mateso, na kwamba jamii inapaswa kwanza kutoa huduma hiyo.

Uenezi duniani

Wageni waliokwenda kujifunza St Christopher's walipeleka mawazo yake kwao. Florence Wald aliacha ukuu wa shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ili kufuatilia kazi hiyo, na mwaka 1974 alishiriki kuanzisha hospisi ya Connecticut. Daktari Balfour Mount wa Montreal, Kanada, alifungua kitengo cha namna hiyo ndani ya hospitali kubwa mwaka 1975. Mwaka 1987 tiba shufaa ilitambuliwa Uingereza kama tawi maalumu la udaktari.

Katika Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyewahi kufanya kazi katika hospisi hiyo ya Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Huko mofini ya maji inayonywewa, ambayo ni rahisi kutengeneza na ya gharama ndogo, ikawa msingi wa huduma.

Madaktari wakiwa wachache, Uganda ilichukua hatua ambayo Saunders hakuwa nayo alipokuwa muuguzi. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa kuandika mofini. Hivyo muuguzi wa Uganda anayerudi chuoni kwa kozi hiyo anapata mamlaka ambayo Saunders aliyapata kwa kusoma udaktari kwa miaka sita.

Maisha binafsi, heshima na kifo

Mwaka 1963 Saunders alinunua mchoro wa Marian Bohusz-Szyszko, mchoraji kutoka Poland aliyeishi London, na urafiki ukaanza. Walifunga ndoa mwaka 1980, bibi harusi akiwa na miaka 61. Mumewe alifariki mwaka 1995, akitunzwa St Christopher's. Hawakupata watoto pamoja.

Alipewa heshima nyingi, zikiwemo cheo cha Dame, tuzo ya Templeton mwaka 1981 na Nishani ya Ustahili ya Uingereza mwaka 1989. Mwaka 2001 hospisi yake ilipewa tuzo ya kibinadamu ya Conrad N. Hilton yenye thamani ya dola milioni moja. Mwaka 2002 alishiriki kuanzisha shirika la utafiti linaloitwa kwa jina lake, na taasisi yenye jina hilo ilifunguliwa katika King's College London mwaka 2010.

Saunders aliugua saratani ya matiti. Alifariki tarehe 14 Julai 2005, akiwa na miaka 87, katika hospisi ya St Christopher's, akihudumiwa kwa utaratibu aliouanzisha mwenyewe.